Yai la Deok-sun

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kabla ya futari, mbele ya vijana na wazazi)



  

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mlioketi nyuma huko, mada niliyopewa leo ni Kijana na Mapenzi ya Mwanzo. Najua mnachotarajia. Mnatarajia nisimame hapa nitaje haramu ya kwanza, haramu ya pili, haramu ya tatu, halafu tufuturu twende zetu. Haramu mnazijua. Mmesomeshwa madrasa tangu mna meno ya utoto. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya tamthilia ya Kikorea.

Naona wasichana wa pale mbele wameshaanza kutazamana. Naam, hizo hizo.

Mwaka jana, Ramadhan, niliamka saa tisa za usiku kungojea daku. Nikapita chumbani kwa binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Kajifunika shuka gubigubi, na chini ya shuka kunatoka mwanga. Nikaivuta shuka, nikaipokonya simu. Kwenye kioo naona wavulana wanne na msichana mmoja wamekaa sakafuni chumba kimoja, wanakula tambi, wanacheka. Basi nilipandisha sauti mpaka jirani akawasha taa. Siku nne baada ya hapo mimi na binti yangu hatukuwa na maneno ila shikamoo na marahaba.

Mama yake ndiye aliyenitia akili. Akaniambia, "Baba watoto, umekataza kitu usichokijua. Kitazame kwanza. Ukikataza, ukataze kwa ilimu."

Nikakitazama. Ni vipindi 20, na kila kimoja kinapita saa nzima. Nilikitazama baada ya Idd, pamoja na binti mwenyewe, kwa sababu masiku ya Ramadhan yana kazi yake. Hilo nilimwambia yeye na nawaambia na nyinyi. Usiku mmoja wa mwezi huu hauuzwi kwa tamthilia, hata iwe nzuri vipi.

Inaitwa Reply 1988. Ilionyeshwa Korea Kusini na stesheni ya tvN kuanzia Novemba 2015 mpaka Januari 2016. Mwongozaji wake ni Shin Won-ho na mwandishi ni Lee Woo-jung. Kisa chenyewe kiko katika mji wa Seoul, mtaa wa Ssangmun-dong, kwenye uchochoro mmoja wenye familia tano, mwaka 1988. Watoto watano wa uchochoro huo wamekua pamoja: msichana Deok-sun, na wavulana Jung-hwan, Sun-woo, Taek na Dong-ryong. Wanne ni wanafunzi wa shule ya upili. Taek aliacha shule kwa sababu ni bingwa wa mchezo wao wa mawe meusi na meupe juu ya ubao, mchezo wa kukaa kimya na kufikiri. Wazee wetu wa bao wangemwelewa mara moja.

Na ni ya kuchekesha, wallahi. Baba yake Jung-hwan ana mzaha mmoja wa kusalimiana na mikono yake, na mkewe na wanawe wamechoka nao kabisa. Anayempokea vizuri ni Deok-sun, mtoto wa jirani. Kaka yake Jung-hwan amerudia mtihani wa kuingia chuo kikuu mwaka baada ya mwaka, lakini bahati nasibu aliyoshinda yeye ndiyo iliyoitajirisha nyumba yao. (Bahati nasibu ni kamari, tusikosee hapo. Lakini kisa ndivyo kilivyo.)

Sasa, kitu cha kwanza kilichonikamata hakikuwa mapenzi. Zilikuwa sahani. Katika kipindi cha mwanzo kabisa, jioni, mama mmoja anamtuma mtoto apeleke chakula kwa jirani. Jirani hakubali chombo kirudi kitupu, anatia chake. Mama mwingine naye anamtuma wake. Mara uchochoro mzima umejaa watoto wanaopishana na mabakuli, wanalalamika miguu inauma, na kila nyumba iliyokuwa na kitoweo kimoja sasa ina vitano. Nikamwangalia mke wangu. Akaniambia, "Hii si Korea, huu ni mtaa wetu, mwezi wa Ramadhan." Watu wale si Waislamu, wala hawajasikia usia wa Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr, kwamba akipika mchuzi azidishe maji ili apate kuwakumbuka majirani. Na wanafanya. Sisi tuliousikia, siku hizi wangapi bado wanafanya? Milango ya fleti imefungwa, kila mtu na viazi vyake vya karai.

Lakini nilikuja kuzungumza juu ya Deok-sun.

Deok-sun ni mtoto wa kati. Dada yake, Bo-ra, ni hodari wa masomo, yuko chuo kikuu bora cha nchi. Mdogo wake, No-eul, ni mvulana pekee. Baba anafanya kazi benki, lakini alimdhamini rafiki katika deni, rafiki akashindwa kulipa, na tangu hapo familia inaishi vyumba vya chini, nusu yake ndani ya ardhi, katika nyumba ya akina Jung-hwan. Yai likikaangwa, Bo-ra anapewa na No-eul anapewa. Deok-sun anaambiwa wewe si unapenda maharage. Kuku akiletwa, mapaja ni ya wale wawili, yeye anapata bawa. Siku yake ya kuzaliwa inakaribiana na ya dada yake, kwa hiyo keki ni moja: mishumaa inawashwa kwa Bo-ra, inazimwa, inawashwa tena kwa Deok-sun. Mwaka huo alikuwa ameomba mapema, safari hii msifanye hivyo. Wakafanya hivyo hivyo.

Hapo mtoto akapasuka. Alilia akayataja yote: yai, paja la kuku, keki, mpaka jina lake, kwa nini wenzangu mmewapa majina mazuri na mimi mkaniita Deok-sun.

Mimi nina watoto watatu. Nilipoona hapo niliinuka nikaenda kunywa maji.

Kwa sababu hili jambo lina hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim. Sahaba Nu'man bin Bashir anasimulia kwamba baba yake alimpa zawadi, na mama yake akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume akamuuliza yule baba, je, watoto wako wote umewapa mfano wa hii? Akasema hapana. Mtume akakataa kuishuhudia. Bashir hakumpiga mtoto, hakumnyima chakula. Alimzidishia mmoja tu. Na Mtume wa Mwenyezi Mungu hakutaka jina lake liwe juu ya jambo hilo.

Mtaniuliza, ustadhi, yai linahusu nini na mapenzi? Subirini.

Shuleni, rafiki zake Deok-sun wanamwambia, yule Sun-woo anakupenda, ona anavyokuja kwenu. Basi msichana anaanza kujipamba, anaanza kumngojea, moyo umeshakwenda. Kumbe Sun-woo anampenda dada yake, Bo-ra! Hata machozi hayajakauka vizuri, wale rafiki wanasema, basi ni Jung-hwan. Na moyo unahamia kwa Jung-hwan. Siku moja Deok-sun anamlilia Dong-ryong kwamba hakuna anayempenda, na Dong-ryong, ambaye ndiye mcheshi wa kundi, anamuuliza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyemuuliza: acha nani anakupenda wewe, je, wewe mwenyewe unampenda nani? Msichana akakosa jibu. Hakuwahi kujiuliza.

Wasichana wangu, nawaomba mkalifikirie swali hilo mkienda nyumbani. Na wavulana pia, msicheke. Wengi mnaosema mnapenda, hampendi. Mmependezwa na kupendwa. Mtu amekwandikia ujumbe usiku, umekula, umelala, mbona leo umenyamaza. Na nyumbani kwenu tangu asubuhi hakuna aliyekuuliza umekula. Basi unamwona yule ndiye mtu wako duniani. Mtoto aliyekosa yai nyumbani atalifuata yai popote litakaponukia, na jikoni kwa watu si kila anayekaanga anakutakia kheri. Deok-sun alikuwa na bahati, wavulana wa uchochoro ule walikuwa watoto wa majirani wenye adabu zao. Bahati hiyo si ya kila msichana.

Ndiyo maana wazazi walio nyuma nao nawatazama.

Dong-ryong mwenyewe, aliyetoa swali lile, baba yake ni mwalimu wa nidhamu katika shule wanayosoma. Mwalimu mkali mbele ya wanafunzi wote, na mama anashinda nje kwa kazi ya bima. Mtoto anakula kwa majirani. Mimi pia ni mwalimu, na nimejiona. Tunawajua watoto wa watu kwa majina na alama zao za hisabati, wetu tunawajua kwa shikamoo.

Turudi kwa Jung-hwan. Huyu anampenda Deok-sun kweli kweli, tangu mwanzo, na hasemi. Ndani ya basi lililojaa anasimama amkinge asisukumwe. Akisemeshwa naye anajibu kwa ukali, kama wavulana wengi wa umri ule. Kisha siku moja Taek, rafiki yake wa utotoni, asiye na mama, anawaambia wavulana wenzake waziwazi kwamba anampenda Deok-sun. Jung-hwan anasikia na anayameza yake. Na baadaye Taek akija kugundua siri ya Jung-hwan, naye anarudi nyuma. Kila mmoja anamwachia mwenzake, na msichana hana habari na yeyote. Mimi hapo niliwaheshimu. Vijana wangapi wetu wamekatana kwa visu kwa ajili ya msichana ambaye hata hajaulizwa?

Miaka inapita. Mwaka 1994 Jung-hwan ni rubani wa jeshi la anga. Usiku mmoja anasikia kwamba Deok-sun ameachwa peke yake kwenye onyesho la muziki, aliyemwalika hakutokea. Anaingia garini, anakimbia, na kila makutano taa ni nyekundu. Anafika, na Taek ameshafika, ameacha mashindano yake ili aje. Jung-hwan anarudi zake na anajiambia ukweli: hazikuwa taa. Ilikuwa ni kusita kwake kwa miaka yote ile.

Binti yangu alikuwa analia kimya kimya. Akafuta macho, halafu ghafla akaniuliza, "Baba, na mimi nikimpenda mtu, nikwambie?"

Ndugu zangu, nilikohoa. Nikamwambia twende tukasali Isha. Na Isha ilikuwa bado nusu saa.

Mwanamume mzima, nimesimama kwenye mimbari mara ngapi, nimekimbia swali la mtoto. Na jibu nilikuwa nalo, limo katika Qur'ani, katika Suratul Qasas. Nabii Musa (A.S.) amefika Madyan, mgeni, amechoka, hana kitu. Akawakuta wasichana wawili wamezuia wanyama wao pembeni ya kisima, akawanyweshea. Mmoja wao alipotumwa kumwita alikwenda kwa haya. Lakini haya ile haikumfunga mdomo nyumbani. Alimwambia baba yake amwajiri mtu huyu, akazitaja sifa alizoziona kwake, nguvu na uaminifu. Na baba alielewa, maana ndiye aliyeleta neno la ndoa. Hakumuuliza binti, wewe umemtazamia nini mwanamume kisimani? Nyumba ile ilikuwa na mlango wa kusemea. Nyumba yangu, usiku ule, sikuwa na hakika.

Na kuna Mughith. Vijana wachache wanamjua. Mughith alikuwa mtumwa Madina, mume wa Barira. Barira alipoachwa huru alichagua kutoka katika ndoa ile, na Mughith akawa anamfuata njiani huku machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu. Mtume (S.A.W.) alimwona. Hakumwambia nyamaza, jikaze, wewe ni mwanamume. Alimwambia Abbas atazame ajabu ya mapenzi ya Mughith na kuchukia kwa Barira. Akaenda kumwombea kwa Barira. Barira akauliza, je, ni amri? Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Barira akasema basi simhitaji. Ikaishia hapo. Machozi ya mwanamume hayakudharauliwa, na hapana ya mwanamke haikuvunjwa. Wavulana, hiyo sehemu ya pili isikieni vizuri. Msichana akisema hapana, hata angekuja kuombewa na mbora wa viumbe, ilibaki hapana.

Kuna mengi katika tamthilia ile sitayataja kwa muda. Sun-woo na Bo-ra, kwa mfano, walitaka kuoana, na wote ni wa ukoo wa Sung. Sheria ya Korea ya wakati ule ilikataza watu wa jina moja la ukoo na asili moja kuoana hata kama udugu wao ni wa mbali mno, mpaka mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba sheria hiyo haiendi na katiba. Sisi tunaooa binti ami tunashangaa. Na mama yake Sun-woo ni mjane, baba yake Taek ni mjane, na wakaja kuoana, na Sun-woo jambo hilo lilimuuma kwanza. Naishia hapo, lakini vijana mlio na mama mjane nyumbani na mmeweka uso wa mbuzi kila posa ikija, mmenisikia.

Ila hili moja siwezi kuliacha. Deok-sun alichaguliwa kubeba bango la nchi katika ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul, Septemba 1988. Nchi yake ilikuwa Madagascar. Kafanya mazoezi miezi, na Madagascar ikasusia michezo ile. Alilia! Mwishowe akapata bango jingine, na jina lililoandikwa ni Uganda. Mke wangu alipiga vigelegele. Na Olimpiki hiyo hiyo, nje ya tamthilia, ndipo Kenya ilipopata dhahabu tano, nne za riadha na moja ya ngumi, ya Robert Wangila, kijana aliyekuja kusilimu na akafariki mwaka 1994 baada ya pigano huko Las Vegas. Rahimahullah.

Sasa msiende kusema ustadhi amehalalisha. Mle ndani mna ulevi, watu wazima na pombe zao ndiyo kawaida. Mna kubusiana. Na wale watoto wanalala ovyo chumba kimoja, wavulana na msichana, na hakuna mzazi anayeshtuka. Kwetu hapana, na sababu mnaijua. Mkono wa kuruka mbele hapo hautoki kwa shetani.

Lakini swali la binti yangu bado nilikuwa nadaiwa. Nilikaa nalo kama wiki. Siku moja nampeleka dukani nikamwambia: ndiyo, uniambie. Ukiniogopa mimi mwambie mama yako. Moyo kupenda sikuadhibu, hata Mola hakuhesabii lililopita moyoni. Nitakachokuuliza ni unafanya nini nalo. Usikutane naye kwa siri, usimpe picha, usimpe ahadi. Maliza shule. Na kama ana nia, ana wazee, mlango wetu anaujua.

Hakunijibu. Alisema, "Haya, Baba."

Usiku akamwambia mama yake kwamba kuna mvulana amekuwa akimwandikia kwa miezi mitatu, na kwamba ameanza kumtaka picha, na anamtisha kuwa asipotuma atasema wamekuwa wakizungumza. Miezi mitatu mtoto anabeba jambo hilo peke yake, chini ya shuka. Na mimi usiku ule wa daku niliivuta shuka, nikaona tamthilia tu. Tulikwenda kwa wazee wa yule kijana, jambo likaisha, alhamdulillah. Amenipa ruhusa kusema mpaka hapo, sitazidisha.

Naambiwa zimebaki dakika kumi. Vijana, kabla hamjakaa kwenye mikeka, pale jikoni kuna sahani zimefunikwa kawa. Kila mmoja achukue moja apeleke kwenye nyumba za nyuma ya msikiti, na ile ya mwisho ya bibi asiyeona, abishe hodi mpaka aitikiwe. Na chombo kikirudi na kitu ndani yake, msile njiani.